Wayahudi Wenzao

Mtafsiri alikwama kwenye Matendo ya Mitume, sura ya sita, mstari wa kwanza tu. Alikuwa akilihamishia Agano Jipya kwenye lugha ya nyumbani kwao, na kilichomkwamisha ni neno moja la Kiyunani: Helenistai. Rasimu ya zamani iliandika "Wayunani", na mchungaji mstaafu aliyeisimamia kazi hiyo hakuona sababu ya kuligusa.

"Wayunani watu wanawajua," alisema huku akipuliza chai. "Tusijitafutie makubwa, binti yangu."

"Wayunani wana neno lao jingine, Baba Mchungaji. Hawa ni Wayahudi, damu moja na wenzao, ila ulimi wao umezoea Kiyunani. Tukiwaita Wayunani, msomaji atadhani wale wajane waliosahauliwa kwenye mgawo wa chakula walikuwa watu baki."

"Haya, niletee neno."

Neno hakuwa nalo. Alirudi nyumbani kichwa kizito, akamkuta shangazi yake jikoni na wake za kaka zake.

Shangazi alichukuliwa na ndugu angali mdogo, akalelewa mbali, akaolewa huko huko. Alipofiwa na mume alirudi kwa kaka yake, lugha ya nyumbani ikiwa imeshamtoka yote. Hakuna aliyemtendea vibaya. Wakimsemesha walitumia lugha ya mjini. Maongezi yakinoga, wanahamia lugha ya nyumbani bila kujua. Mchana ule waliangua kicheko, na shangazi akacheka pia, ila alichelewa kidogo, macho yakiwatazama midomo. Kila mtu alikuwa na sahani yake isipokuwa yeye.

"Jamani, mgeni wetu!" mmoja alikurupuka kupakua. "Tusamehe, shangazi."

Neno hilo "mgeni" lilimchoma mtafsiri kuliko sahani. Baada ya kula alimvutia shangazi kiti barazani, akamsimulia habari za wale wajane.

"Walikuwa wa pale pale?" shangazi aliuliza.

"Kwa asili, ndiyo. Huenda wengine walitoka mbali, wakaja kuzeekea kwao."

"Kama mimi." Shangazi alinyoosha pindo la khanga yake. "Unajua, huwa namwota mama ananiita kutoka uani. Sauti ni yake kabisa. Maneno ndiyo siyapati. Naamka nimekasirika kama mtoto."

Mtafsiri alimshika bega.

"Usinionee huruma, mwanangu. Nina hamu ya kitu kidogo tu. Mtu anitanie, na mimi nielewe kabla hajamaliza."

Kikao kilipokaa tena, mtafsiri aliweka mezani maneno aliyoyapata: "Wayahudi wenzao waliozoea Kiyunani."

"Refu mno," mchungaji alinung'unika. "Neno moja umelifanya msafara." Lakini alilisoma kwa sauti, akarudia, akasimama kwenye "wenzao" kana kwamba amejikwaa. Kisha akachukua kalamu, akalikata "Wayunani" na kuandika yale marefu kwa mkono wake.

Jioni mtafsiri alimsomea shangazi mstari mzima kwa lugha ya nyumbani. Shangazi alisikiliza uso mkavu, mpaka ghafla akamshika mkono.

"Hapo! Hilo neno. Linamaanisha nini?"

"Wajane."

"Nalijua. Ndivyo watu walivyokuwa wakimwita mama, siku ile wanakuja kunichukua." Alilitamka mwenyewe, vibaya kidogo, akalitamka tena. Wake za kaka waliokuwa wakiosha vyombo waligeuka. Mdogo wao alifuta mikono, akaja kuketi miguuni pake, akamtamkia polepole, naye akamfuatisha mpaka likakaa sawa.

"Soma tena," shangazi alimwambia mtafsiri.

Alisoma. Maneno mengine yote yalimpita. Shangazi alifumba macho, akainamisha kichwa upande wa uani, akaomba asomewe mara nyingine.