Nyumba Iliyokataa Kufikiwa

Usiku wa jana niliota, na mjinga wa ndoto yenyewe nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine.

Niliota niko chuoni, ukumbini, nasailiwa upya kwa ajili ya ufadhili wangu. Ufadhili wenyewe ni huu: chuo kinanilipia masomo ya uzamili ya afya ya jamii, nami natumikia mwaka mzima kijiji kilicho mbali na huduma. Nilipangiwa kijiji cha juu kabisa kwenye milima ya Lushoto. Napima watu presha, nawahimiza waende zahanati, na zahanati iko chini bondeni. Katika ndoto walionisaili walikuwa viti vitatu vitupu. Niliviamkia.

"Utawafikia wasiofikika," kikasema kiti cha katikati. "Ukimfikia anayefikika, ufadhili unakoma."

Nikaona ni sharti jepesi. Nikashukuru, nikafungua mlango wa ukumbi, na nje ni Lushoto. Ukungu, baridi, na mbele yangu nyumba ya Mama Hozza.

Huyu Mama Hozza ndiye aliyenipokea nilipofika kijijini sina hata blanketi. Amenipa chumba, ananilisha, na hataki kusikia habari ya kodi. Presha yake ndiyo mbaya kuliko zote nilizopima huku. Vidonge vimemwishia, na kila nikimwomba ashuke zahanati anasema karoti ziko tayari shambani na mnunuzi hangoji presha ya mtu. Jana jioni tulibishana tena, nikaenda kulala nimenuna.

Basi naikaribia nyumba. Nyumba inajinyanyua kidogo, kama mama anayekusanya kanga yake isikanyagwe, inapanda mlima hatua chache, inakaa. Nasogea. Inapanda tena. Dirishani namwona Mama Hozza ameshikilia sufuria isimwagike.

"Mbona unanikimbia?" nikaiuliza.

"Kwa faida yako," ikajibu nyumba. "Nikifikika, chuo kinakunyang'anya masomo. Mimi na mama tumekubaliana tusikuponze."

Maishani mwangu nimefukuzwa kwenye nyumba nyingi. Nimelala stendi, nimelala nyuma ya mashine ya kusaga unga nikaamka mweupe kama mzimu. Lakini nyumba kunikimbia kwa huruma ilikuwa mara ya kwanza, na machozi yalinilenga. Badala ya kulia nikazidisha mbio, maana mjinga hana breki.

Tunakimbizana. Tunavuka shamba la karoti, nyumba inakatiza matuta bila haya. Ndipo mashine ya presha ikazungumza kutoka mkobani, kwa sauti ya mwalimu mkuu mstaafu. Ikanikumbusha kwamba mtu hupimwa akiwa ametulia.

"Na huyu umemkimbiza mlima mzima," ikaongeza. "Kila hatua yako inampandisha. Ukifika kileleni utapima marehemu."

Nikasimama. Nilimtazama Mama Hozza kule dirishani, kifua kikimpanda na kushuka, nikaona wazi kwamba nitamuua kwa kumsaidia. Nikakaa chini, palepale kwenye udongo. Nisisifiwe kwa hekima. Sikuwa na la kufanya.

Nyumba nayo ikasimama. Ikanitazama kwa madirisha yake mawili, kisha ikaanza kushuka kinyumenyume, taratibu, kama mtoto kwenye ngazi, mpaka ikatua pembeni yangu. Mama Hozza akafungua mlango.

"Leo umekaa," akasema.

Hapo nikakumbuka desturi ya huku, ambayo nimeikanyaga kila jioni tangu nifike: mtu akiingia ndani hukaa, akapewa chochote, akala, ndipo akasema lililomleta. Mimi huanzia mlangoni, mkoba begani, namdai safari ya zahanati kama mgambo anayedai ushuru. Basi nikaingia, nikala makande. Zahanati sikuitaja. Mashine nayo ilinyamaza kwa adabu. Nilipomaliza, Mama Hozza alikunja mwenyewe mkono wa gauni lake, akaunyoosha mezani.

Nikamsihi asifanye hivyo, kwa kuwa sasa nimemfikia na masomo yangu yamekwisha. Akaniambia vile viti havijawahi kupanda mlima huu, vitajuaje?

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nilipotoka nje kunawa uso niliona majani ya karoti yamebanwa chini ya msingi wa nyumba, mabichi kabisa. Niliyavuta. Hayakutoka. Nyumba ilikuwa imeyakalia kwa uzito wake wote.

Sikumuuliza mtu. Nilikwenda jikoni, nikamwamkia Mama Hozza, akaitikia, nikakaa. Nikanywa chai, nikala magimbi, mkoba nimeuacha chumbani. Kisha nikamshukuru, jambo ambalo sikuwahi kulifanya ipasavyo: kwa chumba, kwa chakula, kwa kunivumilia. Naye akanitazama kama anayepima joto la mgonjwa. Ili nimalize ugomvi wetu kwa amani, nikamwambia sitamsumbua tena habari ya zahanati. Ni mbali, na ule mteremko ni mkali kwa mtu mwenye presha.

Mama Hozza akafunika sufuria.

"Nyumba nzima imeushuka usiku kwa ajili yako, mwanangu, mimi ndiye nitashindwa? Maliza chai, uvae viatu."