Nusu ya Mgongo

Mume wangu hajawahi kuacha ukuta nusu. Ni fundi rangi, na katika hilo ana ukaidi wa punda. Akishaanza ukuta, hata mwenye nyumba atake kufunga milango, hata chakula kipoe, hata mimi nipige simu mpaka nichoke, atamaliza kwanza. Anasema ukuta ukiuacha nusu ukaurudia kesho, rangi inaonyesha pale ulipoachia, na hata uupige mikono mingine miwili ya rangi juu yake, jicho la fundi litauona ule mstari. Wenye nyumba wanampendea hilo. Mimi pia nilimpendea hilo, kabla halijaingia bafuni kwangu.

Binti yetu tunamwita Mwenyekiti. Jina alijipatia mwenyewe, kwa sababu ya kigoda chake cha plastiki ambacho hakikaliwi na mtu mwingine, anachokiburuta chumba hadi chumba, anakaa, anatoa amri. Ana miaka mitatu na ushee. Tangu akiwa mchanga ana pumu ya ngozi. Haiambukizi, na nimechoka kuwaeleza hivyo watu wanaowavuta watoto wao pembeni wakimwona. Ngozi inakauka, inapasuka, inawasha, naye anajikuna mpaka damu itoke: nyuma ya magoti, kwenye viwiko, shingoni, na mgongo karibu wote. Tegemeo lake ni mafuta mazito ya kopo, asubuhi na jioni bila kukosa, na dawa ya tyubu pale palipowaka zaidi.

Asubuhi nilikuwa nampaka mimi. Jioni alikuwa anampaka baba yake, kwa sababu mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, zamu ya mchana, na mpaka nimalize kupiga pasi mashuka ya watu nifike nyumbani, mtoto ameshalala.

Mambo yaliharibika taratibu. Kwanza alianza kulia akisikia bomba la bafuni likifunguliwa. Kisha akawa analia akiliona kopo tu, hata likiwa mikononi mwangu. Halafu siku moja ya mapumziko yangu, baba yake alirudi mapema, akaita mlangoni kama ilivyo kawaida yake, "Mwenyekiti yupo ofisini?" Zamani angetimua mbio akamkumbatie magoti. Safari hii aliburuta kigoda chake mpaka nyuma ya kabati, akajibanza huko. Mume wangu alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikatikia njiani.

"Ana nini huyu?" aliniuliza.

"Unaniuliza mimi? Si wewe unayekuwa naye jioni zote?"

Ngozi nayo ilizidi. Mgongoni vilitokea vidonda vyenye kutoa majimaji ya njano. Muuguzi wa kliniki alimpa dawa ya kunywa, akaniambia bila kuzungusha maneno kwamba mtoto asipopakwa mafuta ipasavyo na vidonda vikienea, atalazwa. Niliomba ruhusa kazini. Msimamizi wetu alinipa siku chache huku amebenua mdomo, akanikumbusha kwamba nje ya lango kuna watu wengi wanaojua kupiga pasi.

Ni katika siku hizo nilipomkuta Mwenyekiti uani akimwogesha mwanasesere wake. Alikuwa amechukua sponji ya kusugulia masufuria, ule upande unaokwaruza, amembana mwanasesere katikati ya magoti, anamsugua mgongo kwa nguvu zake zote. Plastiki ilikuwa imeanza kuchubuka. Na alikuwa akisema naye kwa sauti nzito ambayo haikuwa yake.

"Vumilia, mama. Bila msasa rangi haishiki. Vumilia, tunamaliza sasa hivi."

Nilisimama na beseni la nguo mikononi. Sauti ile niliijua. Nimelala nayo kitanda kimoja miaka yote hii.

Nilimngoja mume wangu mlangoni. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Unamsugua mtoto?"

"Namsugua vipi?"

"Mgongo! Kabla ya kumpaka mafuta, unamsugua?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anapumua. "Si lazima? Yale magamba yanazuia mafuta yasiingie. Nayatoa kwanza kwa kitambaa, panakuwa safi, ndipo napaka. Wewe mwenyewe ulisema nimsafishe vizuri."

"Nilisema umsafishe, sikusema umparuze! Yule ni mtoto, si ukuta wa mtu!"

"Naparuza wapi? Nafanya kwa uangalifu."

"Na akilia? Akilia unafanyaje?"

Aliinama kufungua kamba ya kiatu. "Naharakisha ili nimalize apumzike," alisema. "Nikiacha katikati si atakuwa ameteseka bure?"

Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Ulimi wangu hauna breki nikikasirika, na siku ile nilikuwa na haki, kwa hiyo hapakuwa na wa kunishika. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba hakufanya kwa ukatili. Alirudi kutoka kazini amechoka, akamhudumia mtoto wake kwa ufundi wake wote, ufundi uleule unaotulisha, na hakuruka hata jioni moja. Ningepata nafuu kama angekuwa mvivu.

Tulikwenda kliniki sote watatu. Muuguzi ni mama mnene mwenye sauti ya chini, mikono yake haina haraka. Hakumkaripia mume wangu, ingawa mimi nilikuwa nimekaa tayari kufurahi. Alimwonyesha tu, akitumia mkono wake mwenyewe. Maji ya uvuguvugu, na mtoto asikae sana humo. Taulo unabonyezabonyeza, hufuti. Mafuta unayapasha kidogo viganjani, unayatelezesha ngozi ikiwa bado na unyevu, kufuata vinyweleo vinakolala.

"Ngozi yake imeshapasuka, baba," alisema. "Ukiisugua unaipasua zaidi, na vidudu vinapata pa kuingilia."

"Na yale magamba? Mafuta yatapita wapi?"

"Yatapita. Hayahitaji msaada wako."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mwenyekiti alikuwa mapajani mwangu, ameniwekea kichwa kifuani, mgongo ameuficha chini ya mkono wangu.

"Jambo jingine," alisema muuguzi. "Akisema basi, mnaacha."

"Hata kama hatujamaliza?"

"Hata kama mmepaka mguu mmoja. Wa pili mtaupaka baadaye. Huyu haogopi mafuta. Anaogopa kwamba mkishaanza, hawezi kuwasimamisha."

"Nusu?" alisema mume wangu. Alilitamka kama tusi.

Jioni ile tulianza upya. Kigoda kiliingia bafuni, mwenye kigoda akakaa, nikamwambia yeye ndiye atakayegawa kazi. Alifikiri sana. Kisha akasema mama apake miguu, na yeye mwenyewe apake tumbo.

"Na baba?" niliuliza.

Alimwangalia baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na hajui mikono aiweke wapi. "Baba ashike kopo."

Fundi mzima, mwenye vijana wanaomshikia yeye makopo, alikaa kwenye sakafu ya bafu jioni baada ya jioni ameshika kopo. Wenzake wa kazini wangemwona wangecheka mpaka waanguke kwenye ngazi. Mwanzoni niliona anastahili. Baadaye ilianza kuniuma, kwa sababu niliona jinsi Mwenyekiti alivyochota mafuta. Alinyoosha kidole kimoja, akakiingiza katikati kabisa ya kopo, akakitoa polepole, asije akagusa vidole vya baba yake.

Tumbo lilikwenda vizuri. Alijitia madoa ya mafuta, akayaita macho na pua, akayatandaza huku akicheka. Miguu nayo ikakubali, siku nyingine wote miwili, siku nyingine mmoja. Vidonda vilianza kukauka. Mgongo alinipa mimi, kwa shida, na kwangu tu. Na siku zangu za ruhusa zilikuwa zinakwisha.

Alasiri moja nilitoka mlango wa nyuma kumwaga maji, nikamkuta mume wangu ameketi kwenye ngazi, ameshika kipande cha msasa laini, ule wa kumalizia. Alikuwa anasugua kiganja chake. Sugu zote za miaka ya brashi na chokaa alikuwa anazisaga, na nyama ilikuwa imeshakuwa nyekundu.

"Sasa unajipiga msasa na wewe?"

"Mikono yangu inakwaruza," alisema bila kuinua uso. "Nimeigusisha shavuni. Inakwaruza kweli, Mama Mwenyekiti. Wewe hujawahi kuniambia."

Nilimnyang'anya ule msasa. Nilimletea yale mafuta ya mtoto, nikamwachia hapo.

Jioni ya mwisho kabla ya kurudi kazini, niliona heri nimwambie mtoto ukweli. "Kesho mama anakwenda kazini. Mgongo atapaka nani?"

"Mimi."

Alijaribu. Alipitisha mkono juu ya bega, akaupitisha chini ya kwapa, akajinyonga huku na huku. Vidole havikufika. Alichofikia ni sehemu moja tu ya bega, na badala ya kuipaka akaanza kuikuna. Nilipomshika mkono aliangua kilio.

"Mama usiende."

Roho iliniuma vibaya sana. Nikiacha kazi, tutakula nini? Nikienda, mgongo ule utachanika tena, na safari hii atalazwa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu yenye maji.

"Naweza kujaribu mimi," alisema mume wangu kutoka pale alipokaa na kopo lake. Aliisema polepole. "Ukisema basi, naacha."

Mwenyekiti alimtazama, kamasi zinamtiririka. "Utaacha kweli?"

"Kweli."

"Hata kama bado?"

Mume wangu aliliweka kopo chini. "Hata kama bado."

Alikigeuza kigoda, akakaa, akampa mgongo. Ngumi alikuwa amezikunja, mabega ameyapandisha mpaka masikioni. Baba yake alipasha mafuta viganjani, akamgusa upande wa kulia. Mtoto alishtuka. Mkono ukasimama, ukangoja, ukashuka taratibu kutoka begani mpaka kiunoni. Huyu ndiye anayepitisha brashi kandokando ya dirisha bila kubandika karatasi ya kuzuia rangi, na mstari ukanyooka. Hapa alikuwa anakwenda kidole kwa kidole.

Alimaliza upande wa kulia. Akausogeza mkono kuelekea katikati, palipokuwa na vidonda.

"Basi."

Mkono ulibaki hewani. Upande wa kushoto ulikuwa mkavu, umepauka, magamba yamesimama. Mtu huyu nimemwona akirudi kutoka nusu ya safari kwa ajili ya doa dogo la msumari lililobaki ukutani. Mimi mwenyewe maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi: amalizie tu, ni kidogo, upande ule utamwasha. Niliyameza.

Akauweka mkono juu ya goti. "Nimeacha," alisema.

Mwenyekiti hakugeuka. Alibaki na mabega yake juu, macho ameyafumba, anangoja. Alikuwa anangoja kilichobaki, kama kilivyokuja jioni zote zile. Nikamwangalia baba yake, nikaona na yeye ameelewa anachongoja mtoto, na uso wake sitaki kuuona tena ukiwa vile.

Hakikuja. Mabega yakaanza kushuka, moja, kisha la pili. Akageuza shingo. Aliitazama mikono ya baba yake, yote miwili, imetulia magotini inang'aa mafuta. Akapeleka mkono wake kiunoni, akapapasa kadiri alivyofika, kulia panateleza, kushoto pakavu.

"Huku bado," alisema.

"Bado," alisema baba yake. Machozi yalikuwa yanamchuruzika na hakuyafuta, labda alidhani akiinua mkono atamtisha.

"Huku kesho."

Mume wangu aliutazama ule mgongo wa nusu.

"Sawa, Mwenyekiti," alisema. "Kesho."