Mgomba wa Mpakani

Siku ambayo Elpidius hakurudi, Kokwijuka alikuwa amepika ndizi za watu wanne: yeye, mama mkwe wake Kemilembe, mumewe, na Yustus jirani yao, kwa maana Yustus hakuwahi kupita nyumba ile bila kula. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, mwaka 1978. Wanaume hao wawili walikuwa wamevuka mto Kagera kwenda kumjulia hali shangazi yake Elpidius, aliyekuwa mgonjwa ng'ambo ya Uganda. Walipoondoka Bugomora, vita ilikuwa bado ni maneno ya redioni. Jioni hiyo milio ya bunduki ilisikika kutoka upande wa mto, na kabla jua halijazama Yustus akatokea kwenye migomba, peke yake, suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Mwenzako yuko wapi?" Kemilembe aliuliza.

"Ameanguka, mama. Risasi ilimpata kabla hatujaufikia mto. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Akaketi chini, akalia. Kokwijuka hakulia. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi, ikaendelea na kazi: ikafunua chungu, ikampakulia mgeni. Miaka yote iliyofuata, hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine. Alimpakulia, na Yustus alikula akamaliza.

Elpidius na Yustus hawakuwa marafiki wa salamu tu. Walikuwa wanywani. Katika ujana wao walichanjwa tumboni mbele ya wazee, wakapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka punje yake damu na kumpa mwenzake atafune. Tangu hapo mtu na munywani wake ni tumbo moja. Nyumba ya huyu ni nyumba ya yule. Na anayemtupa munywani wake, wazee walisema, ile punje humwotea ndani. Tumbo litavimba hadi limuue.

Vita ilipokwisha na watu wakarudi mashambani, alikuja Twagirayezu kumwona Kokwijuka. Huyu alikuwa kibarua, mzaliwa wa Rwanda, aliyekuwa akilima vibanja, mashamba ya migomba ya watu, huko Nkwenda. Alivua kofia, akaketi kwenye kizingiti, akakataa kuingia ndani.

"Mama, nimekaa na jambo hili mpaka limenishinda. Siku ile nilikuwa mtoni nakata mafunjo. Askari walipotokea nikajificha humohumo kwenye matope. Nilimwona Yustus akifika mbio, akaingia kwenye mtumbwi. Mumeo alikuwa nyuma, anachechemea, lakini alikuwa mzima. Alifika mpaka kwenye maji. Akaita, 'Munywani! Munywani, nisubiri!' Yule hakugeuka. Akapiga kasia."

"Halafu?"

"Halafu wakamfikia."

"Utayasema haya mbele ya watu?"

Twagirayezu aliitazama kofia yake. "Mama, mimi ni mtu wa kuja. Yustus ni mtu wa kanisa. Nani ataniacha nimalize hata sentensi moja?"

Kabla ya msimu wa kahawa alikuwa amehama, na hakuonekana tena pande zile.

Ni kweli, Yustus alikuwa amekuwa mtu wa kanisa. Baada ya vita alirudi na moto wa dini ambao hakuwa nao zamani, akasomea ukatekista, akakabidhiwa kigango cha pale kijijini. Padre alifika mara chache. Jumapili nyingine zote alisimama Yustus, na sauti yake nzuri, akiwaambia watu Mungu anataka nini. Kokwijuka aliketi benchi la nyuma na kulitazama tumbo la Yustus. Alilitazama masika na kiangazi. Lilikuwa linaongezeka, naam, lakini kwa ndizi na nyama za ubatizo. Waliposali sala ile ambayo kila mtoto anaijua, alifuatana na wengine mpaka pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo akafunga mdomo, akaufungua tena wakati wa amina.

Hakutaka Yustus afe. Kufa hufa kila mtu. Alitaka aseme. Aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu haohao waliompenda, kwamba aliitwa na akasikia. Hicho ndicho kilichomwamsha asubuhi. Hakuwa na mtoto; mimba zake mbili hazikukaa. Hakuwa na mume. Wanawake wenzake waliamka kwa ajili ya watoto, au mifugo, au Mungu. Yeye aliamka kwa ajili ya kinywa cha Yustus.

Ukoo uliamua kumzika Elpidius. Maiti hakuna, basi huzikwa shina la mgomba badala ya mtu, ili roho ipate pa kulala na wafiwa wanyoe nywele. Shina hilo hukatwa juu kabisa ya tunguu lake la chini ya udongo, lisibaki na hata kipande cha mzizi, maana marehemu anayechipua ni marehemu anayedai.

"Nitamfunga mwenyewe," Kokwijuka alisema. Wakamwachia, nani amnyime mjane kumvika mumewe mara ya mwisho?

Akachimbua mgomba mchanga wa mbire, ndizi za pombe, pamoja na tunguu lake lote. Akauvika shati la Elpidius, akauzungushia blanketi na mkeka, akafunga kamba chini mara nyingi kuliko juu. Pia alichagua mahali: mpakani, pale kibanja chao kilipogusana na cha Yustus, kando ya njia iendayo kigangoni. Yustus ndiye aliyeongoza sala. Aliunyunyizia mgomba maji ya baraka na kutupa udongo wa kwanza. Kokwijuka alimtazama akiukung'uta mkono.

Mvua za vuli zilipokuja, kaburi lilichipua.

Kemilembe ndiye aliyeona kwanza. Alisimama pale na mkongojo wake kwa muda mrefu, kisha akamwita mkwe wake.

"Nani alimkata huyu?"

"Mimi, mama."

"Macho yalikuwa na machozi, ukakosea?"

"Sikukosea."

Bibi kizee alitafuna fizi zake. "Mimi ndiye niliyemzaa," alisema mwishowe. "Ungeniambia, ningekushikia kamba."

Basi mgomba ukakua. Hakuna aliyethubutu kuung'oa, kwa kuwa ni kaburi. Hakuna aliyekula mikungu yake. Kokwijuka aliikata na kuiacha ioze palepale. Kijiji kilijua kwamba Elpidius anadai, ila hakikujua anamdai nani. Wapo waliodhani anawadai Waganda. Yustus alianza kupita njia ya mbali, ile ya bondeni, na kila alipoulizwa alisema daktari amemshauri atembee. Kokwijuka alicheka peke yake jikoni. Akaona jinsi chuki ilivyo kama jiko: ukilichochea kidogokidogo, halizimi mwaka mzima.

Padre Anastazi aliposikia, alimfuata nyumbani. Alikuwa kijana wa Bweranyange, mpole, mwenye viatu vya vumbi.

"Mama Kokwijuka, wanasema una neno moyoni."

"Ninalo, baba."

"Kisasi tumwachie Mungu."

"Nilimwachia. Kama ni kazi, naona ina foleni."

Padre alitabasamu bila kutaka. "Sasa nikuulize. Mtu akiishi kwa ajili ya chuki, siku ile chuki ikipata inachotaka, kesho yake ataishi kwa nini?"

"Sijui, baba. Nikifika nitakuambia."

"Na Mungu umemweka wapi katika hayo yote?"

Kokwijuka alinyoosha kidole kuelekea mpakani. "Aje asimame pale. Nafasi ipo."

Miaka ikaenda. Mwaka 1989 Yustus alimwoza binti yake Costansia kwa watu wa Nkwenda. Siku ya harusi ya binti, nyumba ya munywani wa baba huleta kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, iliyotoka kwenye kibanja chake, na baba hunywa hicho kabla mgeni yeyote hajalowesha ulimi. Asiponywa, ni kama anasema undugu ule haukuwahi kuwapo. Watu walidhani desturi hiyo imekufa pamoja na Elpidius. Kokwijuka hakudhani hivyo. Safari hii hakuuacha mkungu wa mpakani uoze. Aliuvundika, akazikanyaga ndizi kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa pombe, akachanganya na mtama uliokaangwa. Kemilembe, akiwa hawezi tena kusimama, aliketi pembeni na kufukuza nyuki.

"Usitie kitu," bibi alisema.

"Sitii kitu, mama. Kitu kimo tayari."

Aliingia harusini na kibuyu kichwani, amefunga kanga mpya, na wanawake wakapiga vigelegele kwa kuona desturi imefufuka. Byarugaba, msemaji wa upande wa bwana harusi, mtu wa maneno mengi, aliruka kutoka kitini.

"Ndiyo maana nawapenda watu wa Bugomora! Hata marehemu wao hawakosi harusi! Katekista, kunywa upesi, sisi wengine koo zimekuwa mkaa!"

Watu walicheka. Kokwijuka alipiga magoti kwa adabu, akaweka kibuyu mbele ya Yustus. Kama ipasavyo kwa anayeleta pombe, akaonja kwanza yeye kwa mrija. Ilikuwa tamu. Akafuta mrija, akaugeuza upande wa Yustus.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Yustus alikuwa ameshika mrija. "Mbire hizi… umezitoa wapi?"

"Kwa munywani wako. Mkungu wa mpakani. Mwenyewe ulimbariki."

Yustus aliusogeza mrija mdomoni, akauondoa. Mkewe Felicitas alimwinamia. "Baba Costansia, kunywa. Watu wanatazama."

Hakunywa.

"Kwani imechacha?" Byarugaba aliuliza, lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka usoni.

"Siwezi," Yustus alisema.

"Huwezi nini?"

Akamtazama Kokwijuka, na Kokwijuka hakumsaidia. Angeweza kusema neno, angeweza hata kushusha macho. Alikaa palepale magotini, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

"Aliniita," Yustus alisema. Sauti yake nzuri ilikuwa imepasuka. "Alikuwa mzima. Alifika kwenye maji, akaniita munywani, nikamsikia. Mtumbwi ulikuwa na nafasi. Nafasi ilikuwepo." Kisha akaanza kulirudia hilo la nafasi, tena na tena, mpaka Felicitas akamziba mdomo kwa kiganja.

Wazee wa Bugomora walisimama mmoja mmoja, wakachukua fimbo zao, wakaondoka bila kuaga. Watu wa Nkwenda walinong'onezana, wakamchukua bibi harusi kabla chakula hakijaiva, kwa haraka, kama watu wanaotoa mzigo kwenye nyumba inayoungua. Costansia alipita mbele ya Kokwijuka akilia, shela limemlegea. Alisimama kidogo.

"Mama, hukuweza kungoja kesho?"

Kokwijuka alikiinua kibuyu chake. Kesho isingekuwa na watu.

Alirudi nyumbani na kibuyu kikiwa kimejaa. Alimsimulia Kemilembe yote, neno kwa neno, na bibi akamwambia arudie pale pa nafasi. Akarudia. Wakanywa ile pombe wawili, mpaka wakaimaliza, na Kemilembe akalala akikoroma kama mtu aliyemaliza kuvuna.

Asubuhi Kokwijuka aliamka, akaketi kitandani, na hakujua pa kuweka miguu. Kwa miaka yote ile alikuwa akiamka akiwa tayari ana hasira, kama wengine wanavyoamka na njaa. Akaitafuta. Ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa tu, kama jembe baada ya kupanda. Akalikumbuka swali la padre. Alijaribu ile sala, ajione. Alifika palepale, mdomo ukafunga wenyewe. Basi akaenda kuchota maji, kwa kuwa mtungi ulikuwa mtupu.

Kemilembe alifariki kabla ya mwaka kwisha. Padre Anastazi alikuja kumzika, na baada ya mazishi akasogea karibu na mjane.

"Uliahidi kuniambia."

"Bado nafika, baba. Njia ni ndefu kuliko nilivyodhani."

Yustus alivuliwa ukatekista. Hakuhama. Tumbo lake halikuvimba, bali alikonda. Siku moja ya kiangazi, mchana mweupe, alikuja mpakani na panga. Kokwijuka alimwona kutoka mlangoni, akachukua panga lake pia, akasimama. Yustus hakumtazama. Alianza kukata majani makavu ya ule mgomba, akayatandaza chini kwenye mashina, akapunguza machipukizi yaliyozidi, akapalilia kuzunguka kaburi lote kwa mikono. Alipomaliza, jua lilikuwa limepinduka. Alisimama pale, anatoka jasho, akiutazama mlango. Mwenye kibanja humkaribisha mtu aliyemfanyia kazi. Humpa maji, na kahawa ya kutafuna.

Kokwijuka aliingia ndani, akafunga mlango.

Yustus bado huja kila mwezi, hufanya kazi ileile na kusimama vilevile. Kokwijuka huamka mapema siku hiyo, hutoa kigoda nje na kumtazama mpaka amalize. Kikapu cha kahawa kiko ndani, juu ya rafu. Hajakishusha.