Moyeu ya Papa Donat

Mu Kasungami yote hakuna muntu anajua kinga, baiskeli, kunipita miye, Mama Agnès. Roue ya nyuma, gurudumu, naifungua macho yote imefungwa. Kuifunga tu njo shida: kila mara kunabakia bulon mbili mu mukono, naificha mu sahani ya chumvi.

Ile kinga njo inanilisha. Kila asubui nabeba bidon mbili za munkoyo, kinywaji ya mahindi, mpaka Luano, nauzisha karibu na uwanja wa ndege. Uzito ule ulipasua jante, chuma ya duara yenye inashika tairi. Nikanunua ingine ya nguvu, yenye tundu makumi ine. Moyeu yangu ya zamani, ile kitu ya katikati fasi rayons yote, zile waya za roue, inaanzia, ilikuwa na tundu makumi tatu na sita. Hesabu haikulingana, roue haikufungika.

Ku soko, fundi moja akaniletea moyeu ingine ya makumi tatu na sita.

"Mama, tundu ine ya jante tutaacha wazi. Itapumua."

"Na weye nikutoe meno ine, kinywa ipumue?"

Nikabakia na Papa Donat tu. Ule ni fundi, tena ni muimbaji mukubwa wa kanisa yao, yenye inakataza nyama ya ngulube, nguruwe. Akiniona na kipande ya ngulube mu karatasi, anafunga pua: "Uchafu huo, Mama Agnès!" Alikuwa na moyeu mbili za makumi ine. Moja mupya, mu karatasi yake, ya kinga yake mwenyewe. Ingine ya zamani.

"Chukua hii ya zamani. Niliijaza grisi ya kiwanda."

Akatia kidole mu kinywa, akapangusa moyeu na mate, kisha akapangusa kidole ku kikwembe yangu, kitenge ya kiuno.

"Kweli ya kiwanda?"

"Naapa ku ubatizo yangu! Kama si ya kiwanda, ubebe ile mupya, bure."

Siku mbili, roue ilizunguka muzuri. Siku ya tatu, jua ilikuwa kali, na kinga ikaanza kunuka. Haikunuka kama chuma. Ilinuka kama sufuria yenye bantu balisahau bakienda matanga. Nzi zikazunguka pamoja na roue. Ku Luano, Cathy, muuza mikate, kiliyente, muteja yangu ya kila siku, akarudisha kikombe.

"Mama, panya ilifia mu bidon?"

Hakuna muntu alikunywa. Nikamwaga munkoyo yote mu mufereji. Siku tatu tena kama hiyo, kila muntu angekunywa kwa mwingine, na miye ningekunywa machozi.

Ku nyumba nikafungua moyeu. Ndani mulikuwa kitu ya njano na nyeupe, kama usaha. Mulikuwa bwele, unyoya moja nyeusi, nene kama sindano, imeshikamana na kangozi kadogo. Na kipande ya kitunguu. Kitunguu! Grisi ya kiwanda gani inakaangwa na kitunguu? Nilifua mavazi ya bwana yangu, muntu wa gari-moshi ya reli, miaka makumi mbili, sikusikia kinyaa. Siku hiyo nilitema mate mpaka kinywa ikakauka.

Nikabeba moyeu mu sahani mpaka kwa Donat. Muke yake Martine alikuwa anapiga pasi nguo za kwaya. Imbwa yao ikakuya mbio, ikaanza kulamba sahani.

"Imbwa hii inapenda chuma," Donat akasema.

"Na kitunguu pia?"

"Bafanyakazi ya kiwanda banakula, mama. Labda iliangukia mule."

Martine akainama, akanusa. "Donat, hii haiko ile mafuta ya chupa yako, chini ya kitanda? Ulisema ni dawa ya mugongo."

"Njo ile! Dawa... ya kiwanda."

Nikamuhurumia na macho. "Martine, usimusumbue. Iko mafuta ya mbuzi tu. Tena mupishi mwenyewe hajue kupika: nilionja, haina hata chumvi."

Sikuonja kitu. Heri nife.

"Haina chumvi?" Donat akasimama. "Vijiko mbili nilitia! Na pilipili! Nani anapika ngulube bila—"

Martine akaweka pasi chini. Miye nilikuwa nimeshika ile moyeu mupya tayari. Kinywa ya Papa Donat ikabakia wazi, inapumua.