Mstari Ndani ya Kopo

Kwenye duka la dawa alikofanya kazi, wateja walimwita Bi Vipimo, na jina lilimkaa sawasawa. Hakumwachia mtu chupa ya dawa ya kikohozi mpaka amkaririshe: kijiko hiki, saa hizi, na usihamishie dawa kwenye chombo kingine hata kiwe kizuri vipi. Mtu wa namna hiyo akienda likizo, usidhani vipimo vinabaki nyumbani.

Walikwenda wanne: yeye, mumewe fundi majokofu, mtoto wao wa miezi minne ambaye ukoo mzima ulimwita Kibonge, na mama mkwe. Walipanga nyumba ya vyumba viwili karibu na ziwa kwa siku saba. Bi Vipimo aliugua mtoto akiwa na miezi miwili, maziwa yakamkauka, kwa hiyo Kibonge alikuwa mtoto wa chupa. Siku ya safari maziwa ya unga waliyoyazoea yalikosekana, akanunua ya aina nyingine, ya boksi. Boksi lingepasuka njiani. Akamimina unga wote kwenye kopo tupu la maziwa yao ya zamani, lenye mfuniko wa kubana, akatumbukiza na kijiko cha humo humo, boksi akalitupa. Haraka za safari, nani asiyezijua?

Siku ya pili shaka ikaanza kumtafuna.

Kibonge akilishwa na mama yake, analia. Anamaliza chupa, anaisaka tena kwa mdomo, anaikosa, anageukia ngumi yake na kuitafuna. Lakini mchana, wakimwacha na bibi yake wakaenda kuogelea, wanarudi wanamkuta amelala fofofo, mikono ameitupa huku na huku.

"Kalala tangu saa ngapi, mama?"

"Tangu mlipotoka," mama mkwe akajibu, macho kwenye vitunguu alivyokuwa anakata.

Tangu walipotoka! Mtoto aliyelia asubuhi nzima mpaka jirani akachungulia dirishani?

Mtu wa dawa hauamini usingizi wa mtoto. Dukani alikuwa amewaona, watu wazima na heshima zao, wakinunua dawa ya mafua, ile ya maji inayoleta usingizi, na ukiwabana wanakwambia ni ya kumtuliza mtoto kidogo tu. Bi Vipimo alikuwa amewafukuza wengi. Sasa aliogopa. Aliogopa kwamba siku moja atatoka kuogelea na mtoto atalala asiamke.

Alipomgusia mumewe, fundi aliketi wima. "Mama yangu? Mama aliyenilea mimi mwenyewe?"

"Ndiyo. Na wewe mpaka leo ukikaa kwenye kiti tu unasinzia."

Kesho yake, mama mkwe akiwa bafuni, alimpekua mkoba. Alikuta leso, miwani iliyovunjika mkono, peremende tatu, na kichupa cheusi kisicho na karatasi. Akakifungua, akanusa, machozi yakamtoka: dawa ya kuchua magoti, kali ya kuamsha maiti. Hiyo hailazi mtu. Alikirudisha akiwa na aibu, lakini aibu haikumaliza shaka, iliipeleka kwenye kopo tu. Akachukua kalamu, akachora mstari ndani ya kopo, sambamba na unga ulipoishia. Jioni akapima. Chupa moja ya bibi ilikuwa imekula unga wa chupa mbili.

Siku ya nne akajifanya amesahau taulo. Alimwacha mumewe njiani, akarudi kwa mlango wa nyuma, akasimama nyuma ya pazia la jikoni. Mama mkwe alikuwa ameshamimina kwenye chupa maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita mia na ishirini. Akatia kijiko kimoja. Akatia cha pili. Akatazama mlango, kama mtu anayeiba sukari. Akatia cha tatu na cha nne.

"Mama! Unafanya nini?"

Mama mkwe alishtuka, unga ukamwagika mezani. "Namwongezea mtoto."

"Unamwongezea? Kopo limeandikwa vijiko viwili. Viwili! Unga ukizidi unamuumiza figo. Huu si uji wa bweni, mama."

Hapo alipagusa pabaya. Mama mkwe alikuwa amepikia shule ya bweni miaka thelathini, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kulala na njaa.

"Mwanangu," akasema polepole, "maandishi ya kopo siyaoni. Lakini kuonja najua. Ulichokuwa unampa mtoto ni maji ya kuoshea mchele. Mtoto ana njaa."

"Si ungeniambia?"

"Nilikwambia siku ya kwanza. Ukanijibu, mama, mapishi ni yako, vipimo ni vyangu."

Ni kweli alijibu hivyo, na kukumbushwa kulimkasirisha zaidi. Mumewe alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na kaptula ya kuogelea, hajui pa kutazama. Mbele yake Bi Vipimo akatamka, "Kuanzia leo, chupa ya mwanangu usiiguse."

Mama mkwe alipangusa unga mezani, akanawa mikono, akaenda chumbani.

Kwa jinsi bibi alivyokwisha kuuongeza, unga uliobaki usingefika mwisho wa likizo. Bi Vipimo akamwachia mumewe mtoto, akatembea kwa hasira hadi duka la dawa la mjini. Muuzaji, binti mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, akamtolea boksi la aina ile ile.

"Vijiko vinne kwa mililita mia na ishirini," binti akasema.

"Viwili," Bi Vipimo akamsahihisha, kwa sauti ya mtu wa kazi.

Binti akaligeuza boksi. "Kijiko cha hii ni kidogo, dada. Ni vinne. Na usihamishie kwenye kopo jingine, watu wanachanganya."

Bi Vipimo alisoma mara tatu, kidole juu ya maandishi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wetu alikuwa ametia maji kwenye chupa ya mwanawe mwenyewe, siku nne, akisoma maelekezo ya kopo la unga mwingine.

Kilio cha Kibonge alikisikia akiwa bado getini. Mama mkwe alikuwa ameketi barazani, mkoba mapajani, begi lake limefungwa miguuni. Fundi alikuwa anazunguka na mtoto begani, jasho linamtoka.

"Nimempa kama ulivyosema, viwili," akasema. "Kamaliza na hanyamazi. Mama hataki kumlisha, anasema kakatazwa."

Bi Vipimo alilishika boksi kifuani. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: haya ni maziwa mengine, haya ni vijiko vinne. Mama mkwe haoni maandishi, fundi hasomi kitu kisicho na waya. Nani angejua? Akamtazama mwanawe anavyotafuna ngumi.

"Mama," akasema. "Ndiyo haya haya niliyoyatia kwenye kopo. Ni vijiko vinne. Anayemshindisha njaa Kibonge ni mimi."

Mama mkwe aliweka mkoba chini. Aliinuka, magoti yakalia, akaingia jikoni, akanawa mikono hadi viwikoni. Akapima maji. Akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akatikisa chupa, akamshika mkwewe mkono, akamdondoshea tone kwenye kiganja.

"Onja."

Miezi miwili Bi Vipimo alikuwa amempimia mwanawe maziwa, na hajawahi hata mara moja kuyatia mdomoni. Akalamba. Yalikuwa mazito, matamu. Akaanza kulia, na mama mkwe akamwekea chupa mkononi, akamwambia, "Haya, mpe mwanao. Utalia akishashiba."