Mwanafunzi Aliyeozwa kwa Makofi

Rispah alipiga simu ofisini kwetu Kitale akasema hataki mtu mwingine ila mimi.

"Mama Muturi mwenyewe," alisema. "Si msichana wa ofisi, si mwanaume. Mama Muturi."

Alieleza kwa ufupi. Yeye ni mjane wa Bungoma. Binti yake Nabwile, wa kidato cha tatu, amezaa, na shule haimpokei tena. Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Kisha akakata simu.

Nilivimba kichwa, sikatai. Chama chetu ni cha vibarua wa mashamba ya mahindi ya mbegu, wafanyakazi wa nyumbani na wapangaji. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, na nimesimama mbele ya mameneja kuanzia Endebess hadi Moi's Bridge nikidai glavu kwa wanawake wanaopulizia dawa. Nilidhani sifa zangu zimefika Bungoma.

Nilijua pia ni nani anayeziba mlango wa ile shule. Ngome ya Familia. Walianza kama kikundi cha kuombea ndoa. Sasa wana watu katika kamati za wazazi, makanisani na sokoni. Wanasema nyumba zimevunjika kwa sababu ya haki za wanawake, na kwamba msichana aliyezaa akirudi darasani atawaambukiza wenzake. Nilikuwa nimewafuatilia kwa muda mrefu na nilikuwa na maelezo yangu tayari: wenye nacho wanalipia vipaza sauti, maskini wanaimba, na mwisho wa wimbo ni mwanamke kurudi jikoni bila mshahara. Sehemu kubwa ya maelezo hayo ni kweli. Ile isiyo kweli ndiyo iliyonikamata.

Jambo moja lilinichoma. Katibu wao wa vijana Bungoma alikuwa mwanangu wa kwanza, Muturi. Alimaliza chuo, akakaa nyumbani bila kazi, akawa anatazama dari. Mimi nilimpa hotuba kuhusu ubepari. Ngome walimpa meza na pikipiki. Tangu hapo tulikuwa tunasalimiana kwa simu, tunagombana, tunakata.

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni kwa Rispah. Alikuwa amefunga kichwani kitambaa cha bluu cha Ngome, na nilishangaa. Mtu wa Ngome ananiita mimi nimsaidie dhidi ya Ngome? Kabla sijauliza, aliingia chumbani, na sauti yake ikatoka huko.

"Wacera! Wacera, hebu nyamaza bana!"

"Naam?" niliitika. Wacera ndilo jina langu, la Kikuyu.

Rispah alitoka akiwa na mtoto begani. "Sikuiti wewe. Naita huyu."

Bungoma kuna majina mengi mazuri. Wacera si mojawapo.

"Nabwile alimwuliza Muturi kwenu watoto wanaitwaje," alisema, akiniwekea mtoto mapajani kama mtu anayekabidhi mzigo uliochelewa. "Akamwambia msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba. Basi. Huyo ni wewe."

Nilimtazama mtoto. Paji la uso lilikuwa la baba yangu Nderitu, lile linalotokeza mbele kama kibaraza. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikasema, "Ana miezi mingapi?"

"Mitano. Uliza kitu kingine."

"Muturi anajua?"

"Anajua. Alileta sabuni na shuka. Halafu Mwenyekiti Khisa akamwambia atulie kwanza, asichafue jina la Ngome."

"Khisa anajua?"

"Mama Muturi, watu wote wanajua. Ni wewe tu ulikuwa umebaki."

Nilipandisha sauti. Nikamwambia hao ndio watu wanaomfungia binti yake nje ya shule huku wakimficha kijana, na yeye anavaa kitambaa chao! Rispah alinisubiri nimalize, akamimina chai.

"Mume wangu Jairus alilala hospitali miezi miwili," alisema. "Mahindi yalikauka shambani. Ngome walikuja na magunia, wakavuna, wakapukuchua, wakaanika. Walikuwa wanapeana zamu ya kukesha naye wodini ili mimi nipumzike. Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunaandamana."

"Mkipinga nini?"

"Hali ya hospitali."

"Aa," alisema Rispah. "Sisi tulikuwa ndani ya hiyo hospitali."

Niliinua kikombe nikanywa chai. Jibu la kumpa hata leo nalitafuta.

Nabwile aliingia na mtungi wa maji, akautua, akanisalimia kwa mikono miwili. Ni msichana mrefu wa miaka kumi na tisa. Alichelewa kuanza shule. Nilimwuliza bila kuzunguka anataka nini.

"Nataka kumaliza kidato cha nne," alisema. "Nimesoma kemia yote nikinyonyesha. Niulize chochote."

Sikumwuliza. Kemia na mimi tuliachana zamani.

Rispah alitazama pembeni. Hapo ningepaswa kujua kwamba yeye na binti yake hawakuniitia jambo moja. Sikujua. Nilimfunga mtoto mgongoni tukaondoka kwenda shuleni.

Ukumbi ulikuwa umejaa, vitambaa vya bluu kila upande. Tulikaa nyuma. Mwalimu mkuu, Madam Cherono, alisoma taratibu: wizara inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Lakini katika kisa hiki mzazi mwenyewe ndiye aliyekuja ofisini kusema binti abaki nyumbani, na bila mzazi kubadilisha neno lake yeye hana pa kuanzia. Aliinua macho, akamtafuta Rispah. Rispah aliinamisha kichwa. Mimi nilimgeukia nikiwa kinywa wazi. Hilo hakuwa ameniambia.

Akaja Mwenyekiti Festus Khisa. Si mtu wa kubweka. Ana sauti ya upole, anawaita watu "wapendwa," anawajua watoto wa kila mtu kwa majina. Alisema hamchukii Nabwile. Alisema hata mwembe ukipukutisha maua mapema, mwenye shamba hulinda miembe iliyobaki. Watu waliguna kwa kukubali. Kisha akamwita katibu wa vijana.

Mwanangu alipanda jukwaani akiwa na suti ambayo sikuinunua mimi. Alisema msichana ndiye mlinzi wa mlango wa nyumba. Alisema uhuru usio na mpaka umeleta aibu. Alisema hivyo, na mtoto wake alikuwa akicheua maziwa mgongoni mwangu.

Nilikwenda mbele. Sikukimbia. Watu walinipisha kwa sababu mwanamke mwenye mtoto hupishwa.

"Habari zenu. Mimi ni Wacera, kutoka Kitale. Huyu mtoto pia ni Wacera. Nabwile ndiye mama yake. Baba yake ni huyo anayewahutubia, na huyo mimi ndiye niliyemzaa."

Muturi alinitazama, akatazama viatu vyake. Nikasubiri dari ianguke. Miaka yote ya kazi yangu nimeamini kwamba ukweli ukitajwa mbele ya watu, uongo hukimbia.

Khisa alimwekea Muturi mkono begani.

"Wapendwa, jambo hili nilikuwa nalijua," alisema kwa upole uleule. "Kijana huyu alikuja kwangu akilia. Alitubu. Amesamehewa. Je, hatuwezi kumpigia makofi kijana jasiri?"

Wakampigia. Nakuapia, wakampigia! Wanawake wenye mabinti, wanaume wenye dada, makofi ya mtu aliyeshinda mbio. Nilisimama pale nikihisi kama nimepigwa kofi mimi. Sikuwa nimemfichua mtu. Nilikuwa nimewapa ushuhuda wa kunogesha mkutano. Wakati huo Nabwile alikuwa amekaa nyuma, na hakuna aliyemwambia yeye kwamba amesamehewa.

Hasira ilinipanda, nikasema kwa sauti kubwa:

"Kama hamumtaki, mimi namchukua! Leo hii, mbele ya mama yake, nampeleka nyumbani kwangu, yeye na mtoto!"

Nilikuwa na sentensi ya pili, kwamba atasoma Kitale. Hakuna aliyeisikia. Vigelegele vililipuka. Mary Ann, kiongozi wa akina mama wa Ngome, alivua leso yake akakimbia nyuma akamfunika Nabwile mabegani. Wimbo ulianza. Mwanaume mmoja alinishika mkono akaniita mkwe. Rispah alikuwa akilia, na yalikuwa machozi ya furaha.

Nilimvuta Muturi. "Wanaimba nini? Nimesema nini?"

"Mum," alisema, jasho likimtiririka, "huku ukisema unampeleka msichana nyumbani kwa kijana, mbele ya mama yake, na wewe ndiye mama wa kijana... umeoa."

"Nimeoa nani?"

"Umenioza mimi."

"Ngome imejenga nyumba nyingine!" Khisa alikuwa akitangaza kwenye kipaza sauti. "Na swali la shule, wapendwa, limejijibu lenyewe. Mke wa mtu hana haja ya kengele ya darasani."

Ndipo nikamwelewa Rispah. Hakuniita nimrudishe binti yake shuleni. Aliniita nimchukue awe mke wa mwanangu, kama Ngome walivyomshauri, na mimi mpigania haki nimepanda jukwaani nikafanya hivyohivyo kwa dakika moja, bila posa, bila hata soda. Nilipaza sauti, "Sikumaanisha hivyo!" Nani amsikie mtu asiye na kipaza sauti?

Nabwile alitembea hadi mbele na ile leso mabegani. Nilidhani anakuja kwangu. Alinipita, akasimama mbele ya mama yake, na wimbo ukapungua kwa sababu kila mtu alitaka kuona bibi harusi analiaje. Hakulia.

"Mayi, mimi siendi Kitale."

"Nyamaza, binti yangu. Watu wanakuangalia."

"Wacha waangalie. Sijamkataa mtoto. Muturi mwenyewe sijamkataa, siku moja tutaongea kama ana kitu cha kuongea. Nakataa kuolewa ili hawa wapate kuimba. Baba alipokuwa wodini, daktari alikupa karatasi za dawa. Ulimpa nani asome?"

Rispah alikaza fundo la kitambaa chake.

"Ulinipa mimi. Kila jioni. Ukaniambia, Nabwile, ningesoma kama wewe singekuwa nababaika hivi mbele ya manesi. Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema."

"Sasa unataka na mimi nibabaike?"

Khisa alishuka jukwaani. Hakukasirika, alisikitika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Dada Rispah, kumbuka ni nani waliosimama na wewe shambani."

Rispah alijifuta uso kwa ncha ya kile kitambaa cha bluu. Nilijua anachopima. Hana mume, ana shamba, na mvua zinakuja. Chama changu hakijawahi kumvunia mtu hata gunzi moja. Nilitaka kumwahidi kitu nikakosa cha kuahidi, nikafunga mdomo. Sijawahi kufanya jambo la busara zaidi.

"Nakumbuka, Mwenyekiti," alisema. "Niliwashukuru. Nawashukuru hata sasa. Mkitaka msije mwaka huu, mahindi nitavuna mwenyewe polepole." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Madam, ni mimi nilisema abaki nyumbani. Mimi mama yake sasa nasema arudi."

"Mzazi amesema?" aliuliza Madam Cherono.

"Amesema," Rispah alijibu.

"Basi Jumatatu. Na sare kamili, tafadhali." Aliinuka akachukua mkoba wake kwa haraka, kabla mtu yeyote hajapata wazo la kumpinga.

Vurugu ikafuata. Wengine walitoka wakisonya, wengine walimzingira Khisa wakidai kura ipigwe. Mary Ann alikuja kwa Nabwile, uso mgumu, akaivuta leso yake mabegani mwa msichana. Nilijiandaa kumjibu. Aliikunja, akanizunguka, akamfunika nayo mtoto mgongoni mwangu.

"Kuna upepo huko nje," alisema. "Nyinyi watu wa Kitale mnabeba mtoto kama kiroba."

Akaenda zake. Sijui nimweke upande gani katika maelezo yangu.

Nje, chini ya ukuta wa maabara, Muturi alitufuata. Alikuwa amevua koti.

"Wameniambia nilete funguo za pikipiki," alisema. "Mum, umenimaliza."

"Ulijimaliza ukiwa umesimama, na kipaza sauti mkononi."

"Gombaneni baadaye," alisema Rispah. "Jumatatu mtoto anakaa na nani? Mimi Jumatatu niko soko la Chwele, na sasa siwezi kukosa."

Wote waligeuka wakanitazama. Niko hivi: nikiulizwa swali najibu.

"Jumatatu nina mkutano na mameneja Endebess."

"Wa nini?" aliuliza Rispah.

"Wa likizo ya uzazi kwa vibarua."

Rispah alicheka hadi akashika ukuta. Nabwile alicheka pia, kisha hata mimi, ingawa kwangu kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyaga kaa la moto. Muturi peke yake hakucheka. Alinyoosha mikono nikamfungulia leso, nikamkabidhi binti yake. Alimshika vibaya, kichwa kikining'inia, akamrekebisha, akamshika vibaya upande wa pili.

"Mimi sina kazi," alisema. "Nitakaa naye."

"Wewe?" Rispah alimpima toka juu hadi chini. "Unajua hata kupoza uji?"

"Sijui."

Nabwile alimtazama. Hakukuwa na msamaha katika uso wake, wala makofi. Alikuwa anahesabu kichwani mambo ya Jumatatu: sare, vitabu, maziwa ya kukamua asubuhi.

"Njoo kabla sijaondoka," alimwambia. "Nitakuonyesha mara moja tu."