Taa Nyekundu ya Mizambarauni

Siku ya tatu mfululizo taa ya Mizambarauni ikagoma. Treni ya abiria ilikuwa imesimama stesheni, saa tisa na nusu alasiri, mizigo imekwisha kupakiwa, watu wamekwisha kuagana na ndugu zao mara mbili mbili, na njia ya mbele kuelekea Tanga ilikuwa nyeupe pe. Hata mbuzi hakuwepo. Lakini ile taa, juu ya mlingoti wake mwisho wa stesheni, ilikuwa imekodoa jicho jekundu wala haipepesi.

"Zebedayo!" aliita stesheni masta, Mzee Asheri, kofia imemkaa upande kwa hasira. "Njoo uzungumze na mtoto wako!"

Zebedayo, fundi wa taa, alitoka kibandani akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa Msambaa wa Mlalo, mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini na moja. Taa hizo alisaidia kuzifunga mwenyewe mwaka uliotangulia, hamsini na tano, zilipokuja kushika mahali pa zile za zamani zenye mkono wa mbao na mafuta ya taa. Alizipenda, na kila zilipoharibika aliona kama aliyeaibishwa ni yeye.

"Mkono wa mbao haukunitia haya hata siku moja," Asheri alisema. "Nikiuvuta unapanda, nikiuachia unashuka. Hii yako ina mashetani."

"Haina mashetani, mzee. Inaona kitu njiani."

"Kitu gani? Nionyeshe!"

Kutoka kwenye injini, dereva Timotheo, Mbondei mnene mwenye kucheka ovyo, alichungulia nje. "Mwacheni Msambaa aombe kwanza! Mimi ninywe chai."

Asheri hakucheka. Aliingia ofisini, akaandika karatasi ya ruhusa, ile inayomwezesha dereva kuipita taa nyekundu polepole kwa amri ya stesheni, akampa Timotheo. Treni ikaondoka, ikafika Tanga salama. Na baada ya saa moja hivi taa ikarudi kijani yenyewe, kama haikufanya lolote.

Zebedayo hakulala usingizi mzuri. Betri alizipima, nzima. Nyaya alizikagua moja moja, nzima. Kesho yake ilipogonga saa nane na nusu hakungoja kuitwa. Alitia koleo mfukoni akaifuata reli kwa miguu, akitazama chini kama mtu aliyedondosha pete.

Alipokwenda kiasi cha nusu maili, pua ilimwambia kabla ya macho. Kando ya njia palikuwa na nyumba ya makuti, na uani chanja zimejaa papa na nguru waliopasuliwa. Mwanamke wa makamo, kanga kaifunga kifuani, alikuwa anaviringisha pipa kuelekea relini. Alilisimamisha penye kokoto, akalipiga teke moja la ustadi, na maji meupe ya chumvi yakamwagika shwaa! katikati ya reli mbili.

"Mulungu wangu!" alisema Zebedayo.

Mwanamke akageuka. "Vipi, mwanangu? Nimekurushia?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umeshika kichwa, basi?"

Huyo ndiye Bi Mwatum binti Soud, Mpemba wa Wete, aliyehamia Tanga na marehemu mumewe na kubaki na biashara ya samaki wa chumvi. Samaki wake walitoka Ushongo kwa lori, na kila siku mwendo wa saa tisa, kabla hawajafika wapya, alimwaga maji ya jana.

"Unamwaga hapa kila siku?"

"Wiki ya kwanza hii. Zamani nikimwaga uani, pakawa tope, inzi wakahamia na ukoo wao. Hapa pana mawe, maji yanakwenda zake. Kwani reli yenu inakunywa?"

Zebedayo alichuchumaa. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianzia mwanzo. Ndani ya reli hizi, alisema, mnapita umeme mdogo, wa kama tochi, hata ukigusa husikii. Unatoka kwenye betri, unafuata reli ya kulia mpaka kule stesheni, unaingia kwenye kisanduku chenye sumaku, halafu unarudi kwa reli ya kushoto. Maadamu unafika, sumaku imekishika kijiti chake juu, na taa ni kijani. Treni ikipita, magurudumu yake ya chuma yanaziunganisha reli mbili. Umeme unakatiza hapo hapo, haufiki tena. Sumaku inaachia, kijiti kinaanguka, taa nyekundu.

Bi Mwatum alisikiliza mikono kiunoni. "Kumbe ni kama kumtuma mtoto dukani, akakuta ngoma njiani. Hafiki."

"Hasa, mama! Na maji yako ya chumvi ndiyo ngoma. Umeme unapita humo kutoka reli hii mpaka ile, stesheni wanasubiri hawaoni kitu."

"Lahaula! Mie naisimamisha treni na pipa la samaki?"

"Siku ya nne leo."

Alicheka mpaka akakaa juu ya pipa. Kisha akaona uso wa Zebedayo, akasimama. "Basi nisamehe, mwanangu. N'ambie nifanye nini."

Kazi waliifanya pamoja kwa siku mbili. Zebedayo alimchimbia shimo nyuma ya nyumba, mbali na njia, akalijaza kokoto ili maji yazame. Halafu walibeba maji baridi kutoka tangi la stesheni kwenda kuyaosha mawe ya reli, madebe thelathini na sita, Bi Mwatum akiyahesabu kwa sauti na kumcheka Zebedayo kila alipomwagia miguu yake mwenyewe. Walipomaliza alimtengea wali wa nazi na papa, akakataa katakata kusikia habari ya mtu kuondoka na njaa. Tangu siku hiyo taa ikatulia. Zebedayo naye akawa kila akipita kukagua njia anapiga hodi pale, anaulizwa habari za Mlalo, anaulizwa ataoa lini.

Mzee Asheri hakuridhika hivyo. Kwake ilikuwa imethibitika kwamba taa ya umeme ni kitu cha kudanganywa na samaki, na kila aliyeshuka stesheni alisimuliwa.

Yakapita majuma matatu. Jumamosi moja, saa nane mchana, treni ya mizigo ilipita kutoka mashamba ya mkonge, mabehewa kumi na nane ya robota za katani, nzito mpaka vikombe ofisini vikalia. Taa ikawa nyekundu, kama ipasavyo. Treni ikaenda zake, moshi ukatoweka, Tanga wakapiga simu kwamba imefika. Taa ikabaki nyekundu.

Zebedayo alifungua kisanduku. Kijiti kimelala. Betri zina afya. Akaifuata reli mbio mpaka kwa Bi Mwatum, moyoni akiomba amkute kalisahau shimo. Alimkuta kakaa kwenye mkeka anapasua nguru.

"Shikamoo mama. Leo umemwaga maji?"

"Marahaba. Sijamwaga. Pipa lile, nenda katazame, limejaa mpaka mdomo."

"Hata kidogo? Labda limevuja, labda mtu mwingine..."

Bi Mwatum aliweka kisu chini. "Zebedayo. Mie nilikwambia sitamwaga tena, na sijamwaga. Tangu asubuhi sijainuka hapa ila kuswali."

Zebedayo alimtazama machoni. Pipa alilitazama pia, maana fundi ni fundi. Lilijaa mpaka mdomo, na mawe ya reli yalikuwa makavu, moto.

Aliporudi stesheni, ile ya abiria ilikuwa imekwisha kuwasili kutoka Korogwe, na leo ilikuwa na sherehe ndani yake: behewa zima la watu wa harusi wakimpeleka bibi arusi Mabawa, ngoma zinalia madirishani, vigelegele kila upande. Mzee Asheri alikuwa ofisini, kalamu mkononi, karatasi ya ruhusa imekwisha andikwa.

"Mpemba wako kamwaga tena," alisema bila kuinua kichwa.

"Hakumwaga, mzee. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Kasema yeye?"

"Kasema yeye, na pipa nimeliona. Mawe ni makavu. Kama si chumvi, basi umeme umekatika mahali. Nipe nusu saa niikague njia mpaka mwisho."

"Nusu saa! Tanga wataniuliza treni iko wapi, niwajibu nini? Kwamba namngoja fundi anatembea? Taa hii imetudanganya siku nne, leo ya tano." Alipiga muhuri. "Mimi ndiye mkuu hapa, Zebedayo."

"Ndiyo, mzee."

Asheri alitoka, akampa Timotheo karatasi. Zebedayo akamfuata nyuma. Hakuzoea kubishana na mkubwa mbele ya watu, na kwao mtoto hanyanyui sauti kwa mzee. Lakini alijiona mdomo umefunguka.

"Kaka Timotheo. Siku zile nne sikukuzuia. Leo nakuomba usiondoke."

Timotheo aliitazama karatasi, akaitazama taa, akawatazama watu wa harusi waliokuwa wanamwimbia aende. Mara hii hakucheka. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Kuna mtu kaniambia neno, na mimi namwamini."

"Muuza samaki," Asheri alisema.

Timotheo aliikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni. "Mzee Asheri, karatasi hii inaniruhusu kwenda. Hainilazimishi. Watoto wangu sita wananingoja. Nusu saa, Msambaa. Kimbia."

Akakimbia. Alipopita kwa Bi Mwatum, mama yule alikuwa amekwisha kusimama relini, kanga kaikaza.

"Wanasema ni mie, siyo?"

"Wanasema."

"Basi twende. Wee tazama reli ya kulia, mie natazama ya kushoto. Macho yangu hayajazeeka."

Wakaenda hivyo, kila mmoja na reli yake. Walipita kivuko cha ng'ombe, wakapita daraja dogo. Jua liliwaka juu ya chuma mpaka macho yakatoka machozi. Zebedayo alianza kuhesabu dakika kichwani, na kufikiri atawaambia nini kule Mlalo akifukuzwa kazi. Njia ilikata kona chini ya tuta, mahali ambapo dereva hawezi kuona mbele.

"Zebedayo," aliita Bi Mwatum, kwa sauti ndogo. "Hivi ndivyo inavyotakiwa iwe?"

Reli ya kushoto ilikuwa imekatika. Si ufa: imekatika vipande viwili, pengo la vidole vitatu, na kipande kimoja kimeinama nje kidogo, kikielekea bondeni. Ndani ya pengo chuma kiling'aa kipya kama fedha. Ile treni ya katani ndiyo iliyoimalizia, behewa lake la mwisho labda.

Zebedayo alipiga magoti akaweka kiganja chake juu ya pengo. Akilini aliona behewa la harusi likija konani, ngoma zinalia.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwatum, akakaa chini pale pale kwenye kokoto. "Alhamdulillahi. Nenda kawaambie. Mie nakaa hapa, asije mtu akapita."

Watengenezaji njia walifika kutoka Tanga kwa kiberenge, wakaleta reli mpya, na kazi ikachukua saa mbili na robo. Watu wa harusi hawakununa. Walishuka wote, wakapiga ngoma kando ya reli, na habari ilipowafikia ya nani kaliona pengo, wanawake walikwenda kumchukua Bi Mwatum nyumbani kwake wakamleta stesheni kwa vigelegele. Bibi arusi mwenyewe, aliyekuwa kafunikwa gubigubi, alitoa mkono akamshika.

Mzee Asheri alizunguka zunguka ofisini mwake muda mrefu. Mwishowe alivaa kofia sawasawa, akatoka mpaka mbele ya watu wote.

"Bi Mwatum," alisema, "nimekusingizia. Na ningaliwapeleka watu hawa pabaya, kwa mkono wangu huu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba. Ningalikuwa wewe, nami ningalisema ni yule Mpemba."

Watu wakacheka, na Asheri mwenyewe akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Kuna kitu unachotaka? Sema."

Bi Mwatum alifikiri. "Hicho kijiti kinachoanguka. Kila siku nasikia habari zake. Nataka nikione."

Haikuruhusiwa mtu wa nje kuingia kwenye chumba cha taa. Asheri alimwangalia Zebedayo, Zebedayo akaangalia juu, kisha stesheni masta akatoa ufunguo kwenye mkufu wake, akafungua mlango mwenyewe. Bi Mwatum aliinama mbele ya kisanduku chenye kioo. Kijiti kilikuwa kimenyanyuka, kimetulia. Nje Timotheo alipiga honi ndefu, treni ikajivuta, magurudumu ya kwanza yakaigusa reli ya mbele.

Tak! Kijiti kikaanguka.

"Ah!" alisema Bi Mwatum, na mikono kaiweka mashavuni. "Kumbe ni kadogo hivi!"

Akabaki ameinama pale mpaka ngoma za harusi zilipopotelea upande wa Mabawa na kijiti kikanyanyuka tena. Ndipo akamwuliza Mzee Asheri treni nyingine inapita saa ngapi. Stesheni masta aliangalia saa yake, akaenda ofisini, akarudi amebeba kiti.